Elwak ina walimu wake wa nasari, ila hatujawasomesha



Jina la Elwak wengi wetu huku Pwani tulilisikia vizuri Disemba 2015. Tarehe 21 ya mwezi huo, basi lililokuwa likielekea Mandera lilivamiwa na wapiganaji wa Al-Shabaab karibu na mji huo. Wavamizi walitaka Waislamu wakae upande wao na Wakristo upande wao. Abiria wakakataa. Kina mama waliwapa wenzao Wakristo hijabu wajisitiri, na wavamizi wakaambiwa kama ni kuua basi waue wote, kama ni kuacha waache wote. Watu wawili waliuawa siku ile. Miongoni mwa waliopigwa risasi alikuwa Salah Farah, Muislamu, naibu mwalimu mkuu wa skuli ya msingi. Alifariki Januari 2016 akitibiwa Nairobi, na baadaye Rais akamtunuku nishani ya taifa. Filamu ya Watu Wote, iliyoteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2018, ilitokana na kisa hicho.

Namtaja mwalimu huyu kwa sababu kila elimu ya Kaskazini Mashariki ikizungumzwa, huzungumzwa kwa habari ya walimu waliouawa na walimu waliohama. Hiyo ni habari ya kweli na ni nzito. Lakini ipo habari nyingine isiyopata nafasi kwenye magazeti, nayo ni ya darasa la watoto wa miaka minne na mitano, PP1 na PP2, au nasari kama tunavyosema wenyewe. Darasa hilo halikumtegemea mwalimu wa kutoka mbali tangu mwanzo. Walimu wake wako pale pale mjini. Kilichokosekana ni mtu wa kuwasomesha, kuwalipa na kukaa nao mpaka wakaiva.

Msomaji ana haki ya kuuliza, wewe mtu wa Mombasa una nini na Elwak? Kwanza, hatuko mbali kama ramani inavyotudanganya. Ukivuka daraja la mto Tana pale Garissa ukafika Madogo, umeshaingia Tana River, na Tana River ni Pwani. Lamu na Garissa zina mpaka mmoja na hofu moja. Walimu wa kwetu wamekwenda kufundisha kule, na watoto wa kule wamekuja kusoma vyuo vya huku. Pili, na hili ndilo kubwa, dawa ya tatizo la Elwak iliwahi kuchemshwa hapa hapa Pwani, na sisi wenyewe tumeanza kuisahau. Nitalifikia hilo.

Tuanze na mji wenyewe. Elwak iko Mandera Kusini, kwenye barabara ya kutoka Wajir kwenda Mandera, na mpaka wa Somalia uko hatua chache tu. Ng'ambo ya mpaka upo mji mwingine wenye jina hilo hilo. Jina lenyewe ni la visima. El ni kisima, na Waq ni jina la kale la Mungu kwa watu wa pande zile. Wafugaji walifika pale kunywesha, wakaondoka. Siku hizi wengi wanafika na hawaondoki. Ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, ambapo mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, uliwamalizia watu mifugo. Aliyebaki hana ngamia wala mbuzi huhamia pembezoni mwa mji, akasimamisha kibanda kwenye bula, na watoto wake wakaongezeka kwenye darasa ambalo tayari lilikuwa limejaa. Ni hivyo hivyo Mandera, Wajir na Garissa. Tunaposema Kaskazini Mashariki watu hufikiria jangwa na ngamia, lakini skuli zinazoelemewa zaidi ziko mijini.

Sasa turudi kwa walimu. Tarehe 22 Novemba 2014, watu 28 waliuawa kwenye basi lililotoka Mandera, wakiwemo walimu waliokuwa wakienda makwao kwa likizo. Aprili 2015 yakatokea ya Chuo Kikuu cha Garissa, roho 148. Februari 2018 walimu wawili na mke wa mmoja wao waliuawa Qarsa, kaunti ya Wajir. Januari 2020 walimu watatu wakauawa Kamuthe, Garissa. Baada ya kila tukio walimu wasio wenyeji walihama kwa mamia, na TSC, tume inayowaajiri, ikawapa uhamisho. Siwezi kumlaumu mwalimu wa Kisii au wa Machakos aliyekataa kurudi. Hakuna mshahara unaolipia roho ya mtu. Lakini skuli zilibaki na madarasa yasiyo na mtu wa kusimama mbele, na wanafunzi wa darasa la nane wakawa wanafundishwa na vijana waliomaliza kidato cha nne juzi.

Tangu hapo mjadala wote umekuwa TSC irudishe walimu, TSC iajiri wenyeji, wabunge wapige kelele. Ni mjadala halali. Ila umefunika jambo moja ambalo kisheria halimo kabisa mikononi mwa TSC. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliikabidhi elimu ya awali kwa serikali za kaunti, pamoja na vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kulea watoto. Kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, mwalimu wa nasari akawa mwajiriwa wa kaunti. Akiwa Elwak, mwajiri wake yuko Mandera mjini. Akiwa Kisauni, mwajiri wake yuko pale pale kisiwani Mombasa. Kwa darasa hili hakuna wa kunyooshewa kidole Nairobi, isipokuwa kwa kiasi cha fedha kinachotumwa.

Na lugha nayo inasema vivyo hivyo. Sera ya nchi hii, tangu ripoti ya tume ya Gachathi ya 1976, ni kwamba mtoto mdogo afundishwe kwa lugha inayozungumzwa pale skuli ilipo, na mijini kwenye mchanganyiko wa makabila itumike Kiswahili. Mtoto wa Elwak huamka akisikia Kisomali, au Kigarre, au Kiborana, na nyumba nyingine zote tatu. Mlete mwalimu hodari kutoka Nyeri, mwenye digrii na moyo safi, umuweke mbele ya mtoto huyo wa miaka minne. Mtoto anataka kusema anaumwa na tumbo, au kwamba mwenziwe amemnyang'anya kijiwe, au kwamba jana kwao kumezaliwa mwanambuzi. Hawaelewani. Mwalimu atabaki kuimbisha "a, e, i, o, u" na mtoto ataitikia kama kasuku. Kwa miaka miwili hiyo ya mwanzo, anayefaa ni binti au mama wa mtaa ule ule, anayejua mtoto ni wa nani na nyumbani kwao wanasemaje.

Kwa hiyo hapa kuna nafasi ambayo haipo kwenye madarasa ya juu. Fizikia ya kidato cha tatu inaweza kuchukua miaka mingi kabla Elwak haijapata walimu wake wa kutosha. Nasari inaweza kuwapata ndani ya miaka michache, kwa sharti kwamba tuache kuamini kuwa kufundisha watoto wadogo ni kazi ya yeyote asiye na kazi.

Imani hiyo haiko Kaskazini Mashariki peke yake. Mimi si mtaalamu wa vyuo vikuu. Nina diploma yangu, na miaka kadhaa ya kukaa kwenye kamati ya wazazi mtaani kwetu. Katika kamati hizo nimesikia mara nyingi sentensi hii: "Huyu msichana hakufaulu vizuri, si mumpe nasari?" Mtu mwenye akili zake timamu anamchagulia mwanawe mwalimu kwa kipimo cha kufeli. Fundi wa kumjengea msingi wa nyumba angemchagua hivyo?

Kufundisha watoto wa miaka minne ni ufundi. Aliyefunzwa huwapa watoto vikombe viwili na maji, wamimine, wamwage, wabishane kipi kina maji mengi, na hapo hesabu imeshaanza. Hukusanya vifuniko vya chupa, kokwa, mawe na vijiti, akawaachia wapange kwa rangi na ukubwa. Huwasimulia hadithi kisha akauliza, "Mnadhani fisi atafanya nini?" na akangoja jibu, hata likichelewa. Penseli huja baadaye, vidole vikishapata nguvu kwa udongo na mchanga. Asiyefunzwa huandika herufi ubaoni, akachukua kijiti, na watoto sitini wakapiga kelele pamoja. Ukipita nje utasikia sauti kubwa useme masha-Allah, wanasoma. Ingia ndani umuombe mtoto mmoja mmoja akuonyeshe herufi B iko wapi.

Mtoto wa mfugaji haji skuli akiwa mtupu. Anajua mbuzi wa kwao kwa rangi na kwa mama zao. Anajua jioni wakirudi kama mmoja hayupo. Anasikia ngamia wakitajwa kwa majina yanayotofautiana kwa umri na kwa jinsia. Huo ni uainishaji na ni hesabu, vitu vile vile ambavyo mtaala wa PP1 unavitaka. Mwalimu mwenyeji akipata mafunzo, ataanzia hapo. Mgeni hata akiwa na vyeti vya kujaza mkoba, hajui kama hapo pana mahali pa kuanzia.

Kuna jambo jingine la kule ambalo wapangaji wa Nairobi hulikwaa kila mara. Mtoto wa Elwak akifika miaka minne, wazazi wake wanamtaka duksi kwanza. Duksi ni kile tunachokiita sisi chuo. Mtoto anakaa chini ya maalim na lauhi lake, anahifadhi Qur'ani. Wazazi wengi husubiri mtoto apige hatua duksi ndipo wampeleke skuli, akaingia darasa la kwanza ana miaka saba au minane na hajawahi kushika kitabu cha picha. Maafisa wakiliona hilo husema wazazi hawathamini elimu. Sivyo. Mzazi anayemlipa maalim kila mwezi, na pengine hana mbuzi wa maziwa, anathamini elimu kuliko wengi wetu. Alichofanyiwa ni kuwekewa milango miwili akaambiwa achague mmoja.

Na hapa ndipo Pwani inapoingia, kwa sababu sisi tulikuwa na milango miwili hiyo hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wazee wa Kiislamu wa huku walikuwa na malalamiko ya wazi. Watoto wao walikuwa wakiachwa nyuma katika skuli za msingi, na nasari zilizokuwapo ama zilikuwa ghali, ama wazazi waliziogopea dini ya watoto wao. Walilifikisha kwa Aga Khan alipotembelea Mombasa, na taasisi yake ikakubali kusaidia. Kazi ya kuanzisha akapewa mwalimu wa hapa hapa, Bi Swafiya Said. Hakuanza kwa kujenga. Alikwenda mitaani, akakaa na maimamu na kina mama, akauliza wanataka mtoto wao ajue nini akifika miaka sita. Wasiwasi ulikuwapo, kama kawaida ya watu kwa jambo geni. Uliondoka pale watu walipoona watoto wanajua sura zao fupi, dua ya kula na ya kulala, na papo hapo wanajua kuhesabu, kupanga na kujieleza.

Utaratibu wake ulikuwa rahisi kuuelewa. Mtaa wenyewe ndio uliotoa chumba, mara nyingi ubavuni mwa madrasa au msikiti, na ndio uliochagua kamati. Walimu walikuwa wasichana na kina mama wa mtaa huo, wengi wao hawakuwa wamesoma mbali. Walipata mafunzo ya kwanza, kisha mkufunzi akawa anawafuata darasani kwa takriban miaka miwili, anaangalia, anafundisha naye, anamrekebisha. Vifaa vilitengenezwa kwa vitu vya mtaani, vifuu, makaratasi, vitambaa, mbao za fundi seremala. Kutoka Mombasa mpango ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993, na nasari zake katika nchi hizo tatu zikapita mia mbili. Watafiti waliowalinganisha watoto, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2008, waliona kwamba waliosoma nasari waliwapita waliobaki nyumbani, na waliotoka nasari za mpango wa madrasa walipiga hatua kubwa zaidi kuliko wenzao wa nasari nyingine. Tofauti haikuwa ya jengo. Ilikuwa ya namna mwalimu alivyokuwa akikaa na watoto.

Hili ndilo ninalosema linafaa kwenda Elwak. Sisemi lichukuliwe lilivyo, likabandikwe kule kama stempu. Duksi si chuo cha Kimvita. Maalim wa kule ana nafasi yake na heshima yake, na mpango wowote usioanza naye utakufa kabla ya mvua ya pili. Saa za duksi na saa za skuli zipangwe pamoja, watoto wale wale wabaki na walezi wao wale wale, na binti mwalimu apewe nafasi ubavuni mwa maalim bila kumvunjia adabu. Sheria nayo imeshaweka msingi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 iliunda chombo maalumu cha elimu ya wafugaji, NACONEK, kwa kazi za namna hii.

Lakini tusipake rangi. Mpango wetu wa Pwani ulikuwa na tundu, na tundu lenyewe lilikuwa mshahara. Mwalimu alitegemea karo ya wazazi. Wazazi wakikosa, mwalimu anakosa. Elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2003, wazazi wengi nchini waliona hakuna maana kulipia nasari na hali darasa la kwanza ni la bure. Walimu waliokwisha kuiva wakahama kutafuta riziki kwingine. Msichana anafundwa miaka miwili, anakuwa fundi, halafu anakwenda kuuza duka kwa sababu duka linalipa. Kwa hiyo funzo la Mombasa ni la pande mbili. Mtaa unaweza kumtoa mwalimu na kumlinda. Hauwezi kumlipa milele. Kumlipa ni kazi ya kaunti, na Katiba imeshasema hivyo.

Je, kaunti zinafanya? Madarasa zimejenga, tuwape haki yao. Tangu 2013 ukipita barabarani, Mandera hadi Kwale, utaona vyumba vya nasari vilivyopakwa rangi na jina la kaunti limeandikwa kwa herufi kubwa. Jengo lina faida kwa mwanasiasa. Linapigwa picha, linakatwa utepe, na mkandarasi ana jina. Mwalimu hana utepe wa kukata. Ndiyo maana chumba kimoja kizuri kinaweza kuwa na watoto sabini na mwalimu mmoja wa kandarasi ya muda mfupi, ambaye mshahara wake ukichelewa miezi miwili hakuna anayeandamana isipokuwa yeye na wenzake.

Kuna na mlango wa chuo. Mageuzi yaliyokuja na mtaala mpya yalipandisha kiwango cha mwalimu wa awali. Cheti kikawekwa kando, ikaja diploma, na wa kuingia akatakiwa awe na alama ya C katika KCSE. Kwa nia, ni jambo jema, maana linasema nasari si kazi ya waliofeli. Kwa Elwak lakini matokeo yake ni magumu. Binti aliyesoma sekondari isiyo na mwalimu wa hisabati, kwa sababu mwalimu huyo alihamishwa mwaka 2020, anaambiwa hana alama za kumfundisha mdogo wake kuhesabu hadi kumi. Mara kwa mara huzuka mjadala wa kushusha alama kwa kaunti za wafugaji, na mara kwa mara huzuka upinzani kwamba watoto wa maskini wasipewe walimu wa bei rahisi.

Mimi naona pande zote mbili zinaangalia mlango na kusahau ngazi. Usishushe kiwango cha kutoka chuoni. Ongeza vidato vya ngazi ya kuingilia. Binti mwenye D+ aanze darasani kama msaidizi, chini ya mwalimu aliyefuzu, akilipwa. Likizo zake asome, Garissa kuna chuo cha ualimu, na masomo mengine yanaweza kumfuata Elwak. Baada ya miaka mitatu au minne ya kufanya na kusoma, apimwe kwa mtihani ule ule wa wenziwe wa Nairobi na kwa kazi yake mbele ya watoto. Atakayefuzu ana diploma isiyo na doa. Hapo hatutakuwa tumempa mtoto wa Elwak mwalimu dhaifu. Tutakuwa tumempa dada yake muda ambao serikali ilimnyima.

Kiungo cha mwisho ni mtu wa kuwatembelea. Semina ya siku tatu hotelini, yenye posho na mkoba wenye nembo, haijawahi kumbadilisha mwalimu. Nchini kwetu mradi wa Tayari, uliofanyika Laikipia, Nairobi, Siaya na Uasin Gishu kati ya 2014 na 2018, uliwapa walimu wa nasari mafunzo, vitabu na mtu wa kuwafuata darasani, na watoto wakaingia darasa la kwanza wakiwa tayari zaidi. Huko Nairobi walifanya kazi hiyo hata kwenye viskuli vya mitaa ya mabanda, mahali ambapo wengi walishakata tamaa. Mbali zaidi, mjini Ypsilanti katika jimbo la Michigan, Marekani, mwaka 1962 walianzisha nasari kwa watoto weusi wa familia maskini na wakawafuatilia watoto 123, waliosoma na wasiosoma, mpaka wakawa watu wazima. Waliosoma walifika miaka arobaini wakiwa na kazi zaidi na kesi za jinai chache kuliko wenzao. Kinachosahaulika katika kisa hicho ni kwamba walimu wake walikuwa wakienda nyumbani kwa kila mtoto kila wiki, wakakaa na mama. Elwak hilo haliihitaji Marekani. Mwalimu ni jirani, na chai ya maziwa ya ngamia ipo nyumba ya tatu.

Mkufunzi mmoja, pikipiki moja, madarasa kumi na tano, na ratiba inayojulikana. Gharama yake kwa mwaka ni ndogo mno ukiilinganisha na chumba kimoja kipya cha darasa. Na Pwani tunao wakufunzi wa namna hiyo, kina mama waliotembea Likoni, Kwale, Malindi na Lamu wakiwafunza walimu, wengine wamestaafu na ujuzi wao uko majumbani. Barabara ya Isiolo, Wajir, Elwak hadi Mandera inatengenezwa. Kaunti ya Mandera ikiwaita kina mama hao wakakae nao miezi mitatu mitatu, na usalama wao ukasimamiwa na wenyeji kama abiria wa lile basi walivyosimamiana, hilo litakuwa na maana kuliko ziara kumi za kubadilishana mawazo ambazo wawakilishi wetu wa wadi huzifanya Dubai.

Msomaji wa Mombasa, Kilifi au Tana River anaweza kulisoma hili akidhani ni la watu wengine. Aende nasari ya kaunti iliyo karibu naye asubuhi moja, ahesabu watoto, ahesabu walimu, kisha amuulize mwalimu mara ya mwisho kutembelewa na mtu wa kumsaidia, si wa kumkagua, ilikuwa lini.

Sheria ya fedha za umma inazitaka kaunti zitoe mpango wa maendeleo wa mwaka kufikia tarehe 1 Septemba, karatasi ya mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, na wananchi lazima waitwe kutoa maoni. Kwenye mikutano hiyo huwa tunakwenda kuomba maji, barabara na basari. Hakuna ubaya. Lakini mara hii, uwe uko Elwak au uko Changamwe, fungua ukurasa wa elimu ya awali utazame mistari miwili: fedha za kujenga, na fedha za mishahara, mafunzo na wakufunzi. Kama wa kwanza ni mnene na wa pili umekonda, inua mkono uulize kwa nini, na usikae chini mpaka jibu limeandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano.

Wallahu a'lam.